Meli ya Kamunyonge Isiyoweza Kuzama

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimepoteza harusi ya Agness leo, saa tano na robo asubuhi. Harusi ya kwanza ya ukumbi wangu! Wageni 280 wamehamia Kabasa, Bunda, kwa Stanislausi, kwenye banda lake lenye umbo la kiberiti. Hii ikienda, hakuna atakayekuja tena.

Gibson, baba wa bibi harusi, alipiga simu akakohoa mara tatu. Eti kaka Clementi, ukumbi ni mzuri, ila ni Titanic. Nikamwambia ndiyo, bango linasema hivyo. Akasema meli hiyo ilipozama walikufa watu kama 1,500, familia haioni vizuri. Nikamuuliza, walifia hapa Kamunyonge?

Miezi kumi na minne nimeuchomelea ukumbi huu kwa mikono yangu uwe meli ileile! Mita 27, moja ya kumi ya ile yenyewe. Mabomba manne ya moshi: matatu ni mapipa ya lami, la nne linatoa moshi kweli, wa jikoni. Msingi wa zege, futi tatu. Izame iende wapi?

Jumanne, 10 Juni
Dafroza, mke wangu, anasema tatizo ni mimi. Nimemwelewa: anamaanisha tatizo ni hofu. Dawa ya hofu ni usalama. Wale Wazungu walikosa mitumbwi ya kutosha, hapo ndipo walipochemsha. Mimi nahesabu kwanza. Viti 280, madumu matupu 280 ya lita tano, ya njano, kama wanayoelea nayo wavuvi. Nimefunga moja nyuma ya kila kiti. Vidole vimevimba. Stanislausi hana hata dumu moja!

Jumatano, 11 Juni
Kamati ya harusi imekuja kuangalia. Jeska, dada yake Gibson, akauliza madumu ni ya nini. Nikaeleza vizuri, kwa mfano wa mtu anayezama. Akauliza kama na bibi harusi atafungiwa la kwake. Nikamwonyesha: jeupe, lina utepe. Akaniambia shemeji, wewe huwaga unalala saa ngapi?
Wameondoka bila kugusa soda.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Butiama kwa Bibi Wankyo, mama yake Gibson. Wote wanasema neno la mwisho ni lake. Nikabeba sukari kilo mbili na vipimo vya ukumbi kwenye karatasi.
Aliniacha nimalize. Halafu akasema mumewe, Mzee Keraryo, alitoka kuvua sangara mwaka 1987. Ziwa likarudisha kasia na ndala moja. Ana wajukuu kumi na mmoja, wamerithi majina ya marehemu wote wa ukoo, lakini hakuna Keraryo. Kwao aliyechukuliwa na maji jina lake hapewi mtoto. Linaachwa lipumzike.
Sasa wewe mwanangu, akasema, umechukua jina la waliozama, umelipaka rangi nyekundu, unatuita tuje tucheze humo ndani.
Hakufoka. Akanimiminia uji. Nikaunywa wote, karatasi ya vipimo nikaikunja mfukoni. Kwenye bodaboda machozi yalinitoka njia nzima. Upepo, nadhani.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeelewa! Usiku kucha sikulala, nimeelewa. Shida haikuwaga meli. Shida ni jina!
Nimelifuta lote. TITANIC, herufi saba. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia: KERARYO, saba! Zinaingia palepale, hata bati halibadilishwi. Wajukuu kumi na mmoja wamelikosa jina la babu yao, mimi nalibeba peke yangu, mita 27. Bibi atalia kwa furaha. Lile kasia na ndala nitaviwekea kabati la kioo mlangoni, wageni wapige navyo picha.
Dafroza amesoma haya niliyoandika, amefunga mlango wa chumbani kwa ndani.
Nimemtumia Gibson ujumbe: Kaka, mambo ya kukohoa sitaki. Mnarudi au hamrudi? Muulize Bibi, unipe ndiyo au hapana, kesho Jumapili kabla ya saa nne. Fundi wa rangi ameshamaliza K na E.