Mhudumu Asiyejificha

Jambo la kwanza alilogundua Fiete Brammer kuhusu Bolzenhof, duka kubwa kuliko yote ya vifaa vya ujenzi mjini Bremen, ni kwamba halikuwa na wafanyakazi. Bango la mlangoni lilidai wapo zaidi ya mia, na wote kwenye picha walikuwa wakicheka. Ndani, wateja walitangatanga kati ya misumari na masinki, vipande vya bomba mkononi, shingo wamezinyoosha, wakitafuta kizibao cha kijani. Kikichomoza kizibao kule mwisho wa ujia, watu wazima na akili zao walitimua mbio kukifuata. Wakifika, hola, kimeshayeyukia nyuma ya mazulia.

Jambo la pili ndilo lililomfanya atabasamu. Mlinzi wa geti la bustani, Bwana Rademaker, alikagua risiti ya kila aliyetoka na toroli, hata awe na balbu moja. Lakini mhudumu wa kijani akitoka na mteja, akimsukumia mzigo mpaka garini, Rademaker hakukagua kitu. Alibaki ameduwaa tu, maana jambo lenyewe alikuwa akiliona kwa nadra kama upinde wa mvua.

Mtu mwingine hapo angeona huduma mbovu na kwenda zake nyumbani kulalamika. Fiete aliona mlango ulioachwa wazi. Na tumtendee haki: hakuwa mwizi wa kuvunja makufuli, alikuwa mtu wa maneno. Ndiye aliyewahi kumkodishia jirani yake baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya huyohuyo jirani, naye akashukuru kwa bei nzuri.

Ila safari hii kilichomsukuma hakikuwa tamaa. Kilikuwa ni Silke, dereva wa tramu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa ameaminishwa kwamba mchumba wake ni mhudumu wa Bolzenhof. Ijumaa jioni Silke alikuwa akikata keki ya siagi, kisu kikatulia katikati ya keki.

"Fiete, hivi wewe unafanya kazi Bolzenhof kweli?"

"Mbona unaniuliza kama polisi, mpenzi?"

"Abiria wangu mmoja ameniambia wafanyakazi wote wa pale wanauziwa zile mashine za kukata nyasi zinazojiendesha zenyewe, kwa nusu bei. Na sisi kwenye bustani yetu nyasi zimefika magotini. Wenzetu wa chama cha bustani wameanza kutusalimia kwa kununa."

"Nusu bei, ndiyo, ila kuna utaratibu wake, unajua tena kampuni kubwa..."

"Basi kesho ukitoka kazini njoo nayo. Ukija nayo, tunapanga harusi. Ukija mikono mitupu nitajua ni fiksi zako zilezile, na begi lako utalikuta kwenye ngazi. Kula keki."

Fiete alikula keki, nayo ikakataa kushuka. Alikuwa amedanganya nusu ya mji na kulala usingizi wa pono, lakini mwanamke huyu alimpenda kwelikweli, na lile begi kwenye ngazi hakutaka kuliona. Kununua mashine hakuweza. Kukiri ukweli ndiyo kabisa, wala halikumjia akilini. Ikabaki kizibao.

Kizibao alikipata Jumamosi asubuhi, kwenye kigingi nyuma ya mlango ambako wahudumu huenda kuvuta sigara. Akakivaa, akaweka sanduku la mashine kwenye toroli, akashika njia ya kwenda geti la bustani. Kilichobaki kilikuwa kumpata mteja mmoja wa kumsindikiza, mpole, ikiwezekana mwenye umri, kisha wote wawili wapite mbele ya Rademaker wakizungumzia hali ya hewa.

Kosa lake ni kwamba alivaa kijani halafu akasimama mahali anapoonekana.

"Wewe! Wewe wa kijani! Usikimbie!"

Lilikuwa jibaba la ndevu nyekundu, limebeba koki inayodondosha maji mpaka kwenye viatu vyake. Nyuma yake alikuwepo mama mwenye kitasa, na nyuma ya mama mtu na mkewe waliokuwa wakigombana kuhusu rangi ya sebule. Kabla Fiete hajasema yeye anapita tu, foleni ilikuwa imeshafika kwenye ndoo za plastiki.

"Nimekuja hapa Jumamosi ya tatu mfululizo," jibaba lilisema. "Wiki iliyopita nilimshika mmoja wenu mkono. Akaniachia kizibao, akakimbia na shati."

Sasa, tapeli mzuri ana kipaji kimoja ambacho watu waadilifu wengi hawana: anajua kusikiliza. Fiete alisikiliza koki, akasikiliza kitasa. Hakujua chochote kuhusu vyote viwili, lakini aliinama, akasoma maandishi kwenye masanduku, akajaribu hiki na kile mpaka kimoja kikaingia. Wale wa rangi aliwauliza ni nani kati yao anayekaa sebuleni zaidi. Mume akasema mke wangu, mke akasema mume wangu, wakatazamana, wakasahau ugomvi, wakanunua rangi mbili. Jibaba la ndevu lilimkumbatia mpaka akasikia mbavu zikilia.

Na kila akishika toroli lake kusogea hatua kumi kuelekea getini, "Samahani, kijana!" Mwingine tena.

Mara mkono ukatokea kati ya mikunjo ya mazulia, ukamvuta ndani. Mkono ulikuwa wa Ingo, mhudumu halali kabisa, mwenye jina lake kifuani na makombo ya mkate kwenye sharubu.

"We mgeni umetokea tawi gani?" Ingo alinong'ona kwa hasira. "Unajua unachokifanya huko nje?"

"Nawasaidia wateja."

"Ndiyo hicho! Ukiwasaidia leo, kesho watarudi!"

"Si ndiyo biashara?"

"Biashara ya nani? Yako? Sikiliza, ndugu yangu. Ukitaka kuvuka duka hili salama, beba bomba refu begani, nuna, tembea haraka. Hakuna atakayekugusa. Mimi nimetembea na bomba hilihili tangu Krismasi."

Fiete alimshukuru, lakini bomba halikumfaa, kwa sababu yeye hasa alihitaji mteja. Akachungulia kati ya mazulia, akamwona.

Alikuwa bibi mfupi mwenye kofia ya sufu na mkongojo, amesimama peke yake mbele ya vifaa vya choo kwa subira ya mtu aliyezoea kutosaidiwa. Fiete akamsogelea, akajishusha kidogo.

"Shikamoo bibi. Nikusaidie nini?"

Bibi akageuka polepole, akamtazama kutoka viatu hadi nywele. "Umesemaje?"

"Nimesema, nikusaidie nini?"

"Hebu rudia tena. Kusikia nimesikia, ila limenifurahisha."

Akarudia. Bibi akajitambulisha kuwa ni Bi Ahlers, akaeleza kwamba tangi la choo chake linavuja, na anataka mpira wake, lakini mipira iko ya aina nyingi na macho yake siyo ya jana. Fiete akapiga magoti sakafuni, akapanga mipira mstari mmoja, akailinganisha na ule mkuukuu aliokuja nao bibi kwenye mkoba, mmojammoja, mpaka ukapatikana pacha wake. Akamsindikiza kwa keshia, toroli akaliacha kando, bibi akalipia mpira wake, senti kwa senti.

"Na sanduku hilo kubwa?" Bi Ahlers aliuliza, akiligonga kwa mkongojo.

"Hilo ni la mteja mwingine, bibi, yuko nje. Twende tu, nikufikishe kwenye gari, nalipitisha njia hiyohiyo."

"Mungu akubariki," alisema bibi, akamshika mkono.

Wakapita getini. Rademaker alimwona mhudumu wa kijani amemshika bibi mkono, akavua kofia. Hakuuliza risiti wala salamu. Moyo wa Fiete ulirukaruka. Keshamwona Silke mlangoni, keshaonja na keki ya harusi. Gari la Bi Ahlers lilikuwa palepale karibu na kibanda cha soseji. Bibi akafungua buti.

"Haya, weka."

"Niweke nini, bibi?"

"Mashine yangu."

Fiete akacheka kwa adabu. "Nilikwambia bibi, hii ni ya mteja mwingine."

Hapo Bi Ahlers akapaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa changa kuliko yeye kwa miaka arobaini. "Ati nini? Kwa hiyo mashine yangu hunipakilii? Mguu huu mbovu, niibebe mwenyewe? Mlinzi! Hebu njoo uone kijana wenu!"

Watu wa foleni ya soseji wakageuka. Rademaker akaja mbio, amekunja uso. "Kijana, una nini wewe? Mpakilie bibi mzigo wake."

Fiete alifungua kinywa. Maneno yaliyowahi kukodisha baiskeli za watu yalikuwa yote yamekimbia. Angesema nini? Kwamba si ya bibi? Basi ya nani, na risiti iko wapi? Akashika upande mmoja wa sanduku, Rademaker akashika wa pili, moja, mbili, likaingia kwenye buti. Mlinzi akalifunga kamba vizuri lisicheze njiani, akapiga saluti, akarudi getini ameridhika.

Bi Ahlers akakaa kwenye usukani, akashusha kioo, akampa Fiete pipi ya mnanaa.

"Umejuaje?" Fiete aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwanangu," alisema bibi, "mimi nanunua hapa tangu siku walipofungua. Hakuna mfanyakazi wa duka hili aliyewahi kuniuliza anisaidie nini. Ulipofungua tu kinywa nikajua: huyu tapeli." Akawasha gari. "Lakini mpira umeuchagua vizuri. Ahsante sana."

Akaondoka taratibu, akiwasha taa ya kuashiria kona kama raia mwema. Mtoto wa mjini alikuwa ameingizwa mjini, tena mchana kweupe, na mlinzi akasaidia kubeba. Fiete alibaki na toroli tupu na pipi mkononi, akiwaza lile begi kwenye ngazi. Akataka kulia, na karibu alie kweli.

"Fiete."

Alikuwa Silke, ametokea nyuma ya kibanda cha soseji, haradali shavuni, macho mekundu. "Nimekuvizia ndani na nje tangu asubuhi. Nilikuja kukufumania."

"Silke, ngoja nikueleze..."

"Ueleze nini? Nimeona kwa macho yangu. Nimekuona unampigia magoti yule bibi kwa ajili ya mpira wa choo. Nimeona mwanamume wa ndevu anakukumbatia. Na mimi nilikuwa nimeshafungasha begi!" Akajipangusa pua. "Ile mashine aliyochukua bibi, ndiyo ilikuwa yetu?"

"Ndiyo iliyokuwa yetu," alisema Fiete, na huo ulikuwa ukweli mtupu, labda wa kwanza mwaka ule.

"Ukampa yeye."

"Ikabidi."

Silke akamrukia shingoni, haradali na yote. Nyasi watazikata kwa mundu, alisema, mashine kitu gani. Harusi ni mwezi wa tisa. "Na kuanzia Jumatatu nitakuletea chakula cha mchana hapahapa. Kila siku, Fiete! Na tramu yangu ikipita nitakupigia kengele, nawe utoke mlangoni unipungie mkono."

Kila siku. Fiete alilihisi neno hilo likimfunga kuanzia vifundoni kwenda juu. Silke alipokwisha kuondoka, akapanda ngazi hadi ofisi ya meneja, Bi Harjes, akagonga mlango kama mtu anayejisalimisha.

"Naomba kazi," alisema.

Bi Harjes alimtazama kizibao. "Kazi si unayo?"

"Nilikuwa, niseme, kwenye majaribio."

"Wewe ndiye wa koki? Wewe ndiye wa rangi mbili?" Meneja akasimama. "Leo wamepanda watu watano kushukuru. Kushukuru! Tumekosa hata pa kuwaandika. Kitabu chetu kina kurasa za malalamiko tu." Akamsukumia kalamu kabla hajabadili mawazo, na hivyo ndivyo Fiete Brammer, aliyeikwepa kazi ya halali maisha yake yote kwa jasho jingi, alivyoipata kwa makosa yake mwenyewe.

Mwanzoni alijitahidi, Mungu ni shahidi. Lakini watu wa koki waliambiana. Walikuja kutoka mitaa ya mbali, wakimwita kwa jina, wakimwonyesha picha za vyoo vyao wakati akila chakula cha Silke. Wenzake hawakumsaidia, walimletea wateja wao pia. Makao makuu yakamtumia barua ya pongezi na, ndani ya bahasha hiyohiyo, zamu ya Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka. Harusi ilifana, kengele ya tramu ililia kila mchana, naye alipunga mkono kwa furaha ya kweli. Ila akisharudi ndani mabega yalimshuka.

Majani yalikuwa yameanza kupukutika siku mkongojo ulipopenya kati ya mazulia, ukainua moja. Nyuma yake walikuwa wamekaa wawili, Ingo na Fiete, wakila mkate wa samaki.

"Ahaa," alisema Bi Ahlers. "Nakutafuta wewe. Nataka visu vya mashine ya nyasi. Mashine yenyewe unaijua."

Ingo aliinua bomba lake taratibu, akatoweka. Fiete akamtazama bibi, akatazama kushoto na kulia, akatazama mkate wake uliobaki nusu.

"Bibi," alisema, "hiyo siyo idara yangu."

Bi Ahlers alimkodolea macho. Halafu uso wake wote ukachanua, akamshika bega kwa upole wa bibi aliyekuja kwenye mahafali ya mjukuu.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Sasa umeajiriwa kweli."