Ngamia Ishirini wa Mkurugenzi Mkuu

Jumatatu asubuhi Ofisi Kuu ya Ligi ya Nyika iliufahamisha umma wa Garissa, Wajir na vitongoji vyake vyote kwamba soka ya ukanda huu imepiga hatua isiyo na kifani: mishahara ya wakurugenzi wake imepandishwa.

Hinda ndiye aliyeliandika tangazo hilo, na aliliandika kwa moyo mweupe. Alikuwa na shahada ya mawasiliano, miezi miwili kazini, na imani kwamba hakuna jambo duniani ambalo watu watalikataa wakielezwa vizuri. Yeye mwenyewe hakuwa akilipwa, maana nafasi yake iliangukia fungu la "kujitolea kwa uzalendo", lakini alielewa. Ofisi haiwezi kumlipa kila mtu kwa mpigo. Lazima ianze mahali, nayo imeanzia juu, kama mvua.

Na hakuna aliyeweza kusema kwamba wakurugenzi hawana kazi. Kulikuwa na Mkurugenzi wa Kona, aliyesimamia kona zote nne za kila uwanja. Kulikuwa na Mkurugenzi wa Nyavu, ingawa magoli ya ligi hayakuwa na nyavu, kwa kuwa fungu la nyavu liliishia katika kumtafuta mtu anayefaa kuzisimamia. Mkurugenzi wa Fedha alikuwa Bwana Kioko, mtu wa Kitui, mpole, aliyekuja Garissa kwa mwaka mmoja na sasa alikuwa na kumi. Juu yao wote aliketi Mkurugenzi Mkuu, Siyad, aliyelelewa Nairobi na kurudi nyumbani na suti tatu nzito, ambazo alizivaa kwenye joto la Garissa bila kulalamika. Huo peke yake, Hinda aliamini, ulikuwa ni utumishi.

Jumanne kaka yake Guleid aliingia ofisini na glavu zake mkononi. Guleid alikuwa kipa wa Mto FC.

"Abaayo, dada yangu, umesoma aya ya tisa ya tangazo lako?"

"Niliiandika mimi."

"Basi nisomee, labda macho yangu yana vumbi."

Hinda akasoma. Ili kufanikisha maboresho yaliyotajwa katika aya ya kwanza hadi ya nane, lori la kuisafirisha Mto FC kwenda kucheza fainali Bute limesitishwa. Timu inashauriwa kufika kwa njia zake.

"Njia zetu ni gani?" akauliza Guleid. "Bute si hapo dukani kwa Khadijo. Ni Wajir, upite Buna, uendelee. Jumapili tusipokuwa uwanjani tunafutwa kwenye ligi. Na siku hiyo kuna kocha anatoka Nairobi, anakuja kutafuta kipa. Atakuta milingoti miwili na mbuzi katikati. Atamsajili mbuzi."

Hinda alimpenda kaka yake. Tangu utotoni Guleid alikuwa akiruka ukutani kudaka sandali alizorushiwa na mama yao, na alidaka zote. Kwa hiyo alimwendea Mkurugenzi Mkuu, akamwomba kwa adabu aya ya tisa ifutwe.

Siyad alivua miwani. "Hinda, wewe ni kijana mwenye mustakabali. Nitakufundisha jambo moja, ulishike mpaka ustaafu. Ofisi haifuti tangazo. Ikifuta moja, watu wataanza kudhani kwamba na yale mengine yaliandikwa na binadamu."

Hinda alilishika. Alirudi mezani akiwa na uchungu wa kaka yake upande mmoja na kanuni ya ofisi upande wa pili, na hakuona jinsi vitu viwili vizuri vinavyoweza kumuumiza mtu kiasi kile.

Kufikia jioni mashabiki walikuwa wamechafua simu zote za mji. Waliandika kwamba mshahara wa Siyad una sifuri nyingi kuliko mabao ya ligi nzima. Waliuliza kama Mkurugenzi wa Kona hulipwa kwa kila kona au kwa zote nne. Siyad aliita kikao cha dharura.

"Hawaelewi," alisema. "Ni watu wazuri, lakini hawaelewi."

"Tatizo ni sifuri, adeer," alisema Hinda, akimwita ami kwa heshima, na uso wake ukang'aa, kwa maana wazo lilikuwa limemjia. "Sifuri haina sura. Tuwaambie kwa kitu wanachokijua. Kesho ni siku ya soko la mifugo. Nitachukua kipaza sauti niwaambie mshahara wa Mkurugenzi Mkuu ni sawa na ngamia wangapi."

Bwana Kioko alipiga hesabu. Kwa mwezi, Siyad alikuwa ngamia ishirini. Mkurugenzi wa Nyavu alikuwa kumi na wawili. Siyad alijaribu kulitamka polepole: ngamia ishirini. Likamkaa mdomoni vizuri. Sifuri zilimfanya aonekane mwizi, lakini ngamia walimfanya aonekane mzee wa heshima.

"Hakuna shida?" akauliza Bwana Kioko, ambaye miaka kumi ilikuwa imemfundisha kuuliza.

"Shida gani? Ngamia ni mnyama anayejulikana," alisema Hinda.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Hinda alikulia mjini na kusomea shule za bweni, na bibi yake, ambaye angemkumbusha, alikuwa amezikwa Kotile. Shilingi hulala mfukoni na haimsemeshi mtu. Ngamia hutembea wazi, na kila anayemwona anaijua njia ya kwenda kwa mwenyewe. Tena ulikuwa mwaka wa ukame.

Jumatano, katikati ya soko, Hinda alipanda juu ya gari la ofisi akatangaza. Kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti safi. Alitegemea minong'ono, hata matusi. Badala yake soko zima lilianza kuhesabu kwa vidole. Kisha mzee mmoja akanyanyua fimbo.

"Hao ishirini, ni wa kukamwa?"

Hinda alifundishwa chuoni kwamba swali la umma lisiachwe bila jibu. "Wote," alisema.

"Mashallah," alisema mzee, na soko likaitikia.

Alhamisi alfajiri lango la ofisi halikufunguka vizuri, kwa sababu upande wa pili walikuwa wameketi watu. Hawakuwa na mabango. Hawakuwa na mawe. Walikuwa na vibuyu na madumu, wamevaa jezi za Mto FC, wametulia kama watu waliokuja msikitini mapema. Mbele yao aliketi Shamis, muuza maziwa ya ngamia na mwenyekiti wa mashabiki, mwanamke ambaye marefa walimwamkia kwanza kabla ya kuingia uwanjani.

Siyad alitoka na suti ya bluu. "Karibuni. Kama ni malalamiko, utaratibu ni kwamba..."

"Malalamiko ya nini, Siyad?" alisema Shamis. "Tumekuja kukupongeza. Mungu azidishe. Ngamia ishirini wa kukamwa kila mwezi, katika mwaka kama huu, si mchezo. Na sasa tumekuja kwa irmaansi."

Siyad alimgeukia Hinda, na Hinda, aliyekumbuka sasa tu hadithi za bibi yake, alimweleza kwa sauti ndogo. Irmaansi ni desturi. Wakati wa ukame mwenye ngamia wa maziwa humwazima asiye naye. Ngamia hubaki wa mwenyewe, alama yake ikiwa shingoni, ila maziwa hunywewa na aliyeazimwa mpaka mvua inyeshe. Anayekataa hafungwi wala hapigwi. Jina lake tu ndilo hutembea kutoka kisima hadi kisima, na mtu hamwozi tena binti.

"Ndugu zangu," alisema Siyad, akicheka kidogo, "hawa ngamia ni wa mfano tu."

"Haye," alisema Shamis. "Basi tuambie lipi ni la mfano, ngamia au mshahara? Maana tulitangaziwa kwamba ni sawa."

Watu waligeuka kumtazama Siyad kwa hamu ya kweli ya kujua. Bwana Kioko aliona bosi wake yuko katika eneo la hatari, akajitosa.

"Mama Shamis, hao ngamia wako benki."

"Bana Kioko," alisema Shamis, akihamia Kiswahili kwa ajili yake, "huko benki, ngamia nakula nini?"

"Anatukula sisi," akasema Guleid kutoka nyuma.

"Na wewe mwenyewe ngamia yako ngapi?" Shamis akamuuliza Bwana Kioko.

"Mimi?" alisema Bwana Kioko. "Mimi kwetu ni mbuzi."

"Mbuzi pia iko na maziwa," alisema Shamis, na dumu la pili likasogezwa mbele.

Siyad alimvuta Hinda pembeni, nyuma ya gari. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Chukua kipaza sauti. Sema ilikuwa makosa. Sema hakuna ngamia."

Hinda alikishika kipaza sauti. Aliwaza kuhusu kazi yake, ambayo haikuwa na mshahara lakini ilikuwa na kiti. Aliwaza kuhusu Guleid na mbuzi atakayesajiliwa badala yake. Kisha, kwa unyoofu wote aliokuwa nao, akasema, "Lakini adeer, Ofisi haifuti tangazo."

"Nani alikwambia upuuzi huo?"

"Wewe. Jumanne. Ulisema nilishike mpaka nistaafu."

Siyad akafungua kifungo cha koti. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ulikuwa umesikia, na baadhi ya wazee walitikisa kichwa kwa kuiheshimu ofisi yenye msimamo.

Shamis akasimama, akajipangusa vumbi. "Msimbane mtoto wa watu. Huenda kweli hana. Huenda amefilisika na anaona haya kusema. Kama hana, sisi si wanyama, tutamchangia." Akatandaza shuka chini, mbele ya viatu vya Mkurugenzi Mkuu. "Mwenye chochote aweke. Huyu ni ndugu yetu, amekwama."

Na watu wakaweka. Chupa ya maziwa. Kamba ya mbuzi. Sokisi moja ya mpira, ya mguu wa kushoto. Mzee wa soko la mifugo alikuja na fimbo yake, akatoa kwenye kikoi sukari iliyofungwa katika gazeti, akaiweka kwa upole na kumpiga Siyad begani. "Vumilia, kijana," alisema. "Umaskini si dhambi." Kwa mbali mtu alikuwa ameshika simu akipiga picha, na Siyad alimwona.

Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi, kwa sababu mwizi angalau anacho. Lakini kuchangiwa sukari mbele ya mji mzima, ukiwa ndani ya suti, ni jambo ambalo hakuna posho inayolifidia.

"Ninao," alisema Siyad, kwa sauti iliyopasuka. "Ngamia ninao. Chukueni."

"Wote?"

"Wote."

"Mpaka mvua inyeshe," alisema Shamis, akilikunja shuka. "Na mvua ya mpira tutaijua. Kila goli likiwa na wavu na kila timu ikiwa na lori, hiyo ndiyo mvua. Mkurugenzi wa Nyavu yuko wapi? Aa, usikimbie, walaal, ndugu yangu. Wako ni kumi na wawili tu, hatutachukua muda."

Hivyo ndivyo Ofisi Kuu ilivyotekeleza mageuzi makubwa kuliko yote katika historia yake. Kila mwisho wa mwezi mishahara huingia kwa majina ya wakurugenzi, kwa heshima zote, bila kupungua. Siku hiyohiyo Bwana Kioko huenda na Shamis kuikama.

Mwezi ulikuwa umeisha Alhamisi hiyohiyo, na Ijumaa, baada ya swala, lori likaondoka. Desturi inamtaka mwenye ngamia awaone wanyama wake wanavyotunzwa, kwa hiyo Siyad naye alikwenda. Mbele, karibu na dereva, alikaa Shamis na maziwa, ambayo hayapendi kutikiswa. Mkurugenzi Mkuu alikaa juu, miongoni mwa wachezaji, akishikilia bomba la chuma. Kufika Wajir suti ilikuwa imebadilika rangi. Kufika Buna alikuwa amelivua koti, na Guleid alikuwa amelikunja na kulilalia.

Jumapili Bute walitundika nyavu, mpya, nyeupe, zilizonunuliwa kwa maziwa ya kwanza. Watoto walikuwa wakizigusa kwa kidole kimoja. Dakika ya ishirini mshambuliaji wa Bute alipiga shuti kali, Guleid akaruka, akalikosa, na mpira ukaingia. Haukwenda kwenye miiba, wala hakuna aliyelazimika kuufuata. Ulikaa pale pale, ndani ya wavu, ukitikisika. Guleid aligeuka akautazama kwa muda mrefu, akitabasamu kama mtu aliyepata mtoto, na kocha wa Nairobi akaandika kwamba kipa huyu hatishiki. Baada ya bao lile hakufungwa tena, na Mto FC wakashinda mawili kwa moja.

Wakati wa mapumziko Shamis alimletea Siyad maziwa katika kikombe. Kilijazwa nusu, kama ilivyo haki ya mwenye ngamia anapowatembelea aliowaazima.

"Unaonaje, wamenona?" alimuuliza.

Siyad aliutazama wavu, akanywa. "Wamenona," alisema, na jasho kidogo likaingia kwenye maziwa.

Simu ya Hinda, aliyekuwa amekuja na lori, ililia kabla ya filimbi ya mwisho. Ilikuwa sauti nzito, ya ofisi kubwa ya soka huko Nairobi, kubwa kuliko zote. Sauti ilimpongeza kwa ubunifu. Ilisema habari za Garissa zimefika mpaka kwa mashabiki wa huko, na kwamba mashabiki hao wameanza kuuliza maswali. Kisha ikashuka, ikawa karibu ya rafiki, na kumwomba kwamba asije akajaribu kueleza mishahara ya ofisi hiyo kwa namna yoyote ile.

Hinda alisikiliza kwa makini. Ilimuuma kuona watu wakubwa kiasi kile wakiogopa kutoeleweka, na moyo wake, ambao haukuwahi kumnyima mtu msaada, ukamwonea huruma yule mheshimiwa.

"Usijali, mheshimiwa," alimwambia. "Watu hukubali wakielezwa vizuri. Niambie tu, kwa huko kwenu niwahesabie kwa ng'ombe?"