Kengele ya Shimo la Nane

Watu wa kawaida wakimwona mwenzao amerudishwa getini humwonea huruma. Mwenyekiti akimwona mtu wa namna hiyo hutoa kitana mfukoni na kunyoosha nywele.

Siku hiyo aliyerudishwa alikuwa Mama Kreti, mwenye duka la jumla la vinywaji, mwanamke aliyejaa kiti cha mbele cha lori lake hadi dereva akakosa nafasi ya kukohoa. Geti lenyewe lilikuwa la klabu ya gofu ya kando ya ziwa. Kwa miaka alikuwa akiomba kuiuzia baa ya klabu soda na bia, na kila mara meneja wa baa alimjibu kwamba klabu hununua kwa wanachama tu. Ukweli ni kwamba alinunua kwa mume wa dada yake, lakini ukweli wa aina hiyo haubandikwi ukutani.

Mwenyekiti alisogea hadi dirishani.

"Mama, hapa huingii kwa lori. Hapa mtu anaingia kwa uanachama."

"Na uanachama unatolewa na nani?"

Mwenyekiti alitazama kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kutoa siri ya serikali. "Unaongea naye," alisema.

Watu walimwita Mwenyekiti tangu zamani. Mwenyekiti wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza, naye hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa maelezo. Klabu hiyo aliijua vizuri kwa sababu ujanani aliwahi kulipwa kuingia kwenye matete kuokota mipira iliyopotea, akafukuzwa ilipogundulika kwamba aliwauzia wenyewe mipira yao. Kwa hiyo alizijua njia zote, vichaka vyote, na desturi zote za wakubwa. Alichokosa ni kadi tu, na kadi ni karatasi.

Akataja bei ya kupitishwa kwenye kamati. Mama Kreti hakushtuka wala hakuomba apunguziwe, jambo ambalo lingemtia wasiwasi mtu mwenye tamaa ndogo.

"Sawa," alisema. "Lakini mimi silipii mzigo kabla haujashuka. Mashimo yako ni mangapi?"

"Tisa."

"Basi nitagawa hela mafungu tisa. Tutatembea pamoja, wewe ucheze, mimi nione kama kweli wewe ni mtu wa hapa. Kila shimo fungu moja."

Wakakubaliana Jumamosi asubuhi. Mchana wake kulikuwa na mashindano makubwa, na siku kama hiyo aliyelipa kiingilio aliruhusiwa kucheza mapema bila kuulizwa yeye ni nani.

Sasa, mwenyekiti wa kamati hawezi kucheza gofu kwa kandambili. Ilitakiwa suruali ya rangi ya maziwa, viatu vyenye meno chini, na fimbo za kuazima. Nyumbani kitu pekee chenye thamani kilikuwa cherehani ya mkewe, ambaye ni fundi wa nguo na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba hiyo huku mumewe akiiongoza. Mwenyekiti aliibeba cherehani mkewe akiwa sokoni, akaiweka rehani.

Mkewe aliporudi hakupiga kelele. Alikaa mbele ya meza tupu, lundo la sare za shule likiwa miguuni pake, wazazi wakiwa wameshalipa nusu, na machozi yakamtoka. Hilo lilimuuma Mwenyekiti kuliko matusi, na tusimwonee, lilimuuma kweli.

"Jumamosi jioni," mkewe alisema, "cherehani isiporudi hapa mezani, na wewe usirudi."

"Itarudi na nyingine ya umeme," alijibu Mwenyekiti, ambaye hakujua kuahidi kidogo.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima aliyekuwa akilala sebuleni tangu kazi ya bandarini iishe, alisikia yote. Ndiye aliyechaguliwa kubeba fimbo.

Kazi ya shemeji haikuwa kubeba tu. Mwenyekiti angepiga mpira, uende unakotaka. Shemeji angetangulia na mpira wa pili, wenye alama ileile, ndani ya mkono wa shati. Akifika karibu na kibendera angeudondosha, kisha angesimama pembeni kwa adabu. Gofu ni mchezo wa heshima. Hauna refa, kila mchezaji hujihesabia mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa akishangaa siku zote kwa nini wezi wengi huhangaika na mabenki.

Shimo la kwanza lilikuwa limenyooka, na ziwa likimeta upande wa kulia. Mwenyekiti alipiga, mpira ukaenda kulia. Walipofika, ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kibendera.

"Nilidhani umekwenda majini," alisema Mama Kreti.

"Upepo wa ziwa, mama. Unapeleka, unarudisha. Ukiuzoea unakuwa rafiki."

Mama Kreti alifungua mkoba, akatoa fungu la noti lililofungwa kwa uzi mwekundu, akampa. Mwenyekiti akalitia mfukoni bila kulitazama, kama mtu anayepewa peremende.

Fungu la kwanza liliulegeza ulimi wake. Kwenye shimo la pili, lililopanda kilima hadi pale ziwa lote linapoonekana, alianza kumfundisha mgeni wake mambo ya klabu. Alimwonyesha jengo la klabu kule chini, veranda yake na magari yaliyoanza kujaa. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye nguzo iliyosimama ukingoni mwa maji.

"Ile kengele iko shimo la nane. Mtu akitumbukiza kwa pigo moja, inagongwa. Na akishagongewa, anawanunulia vinywaji watu wote waliopo. Ndiyo desturi."

"Watu wote? Na wapishi?"

"Hata mbwa wa mlinzi," alisema Mwenyekiti, akicheka. "Na akikataa, haonekani tena mjini. Afadhali kuiba msikitini."

"Desturi nzuri," alisema Mama Kreti. Akatoa fungu la pili.

Shimo la tatu lilikuwa na mtego wa mchanga, ambamo mpira wa Mwenyekiti uliingia na kutoka kwa miujiza. La nne lilifuata ukingo wa ziwa, na hapo mpira uliingia kwenye matete mbele ya macho ya wote, hata upepo haukuweza kusingiziwa. Mwenyekiti alivua viatu akaingia mwenyewe, maana mpira ulikuwa wa kuazima.

Mama Kreti alikaa kwenye benchi kivulini. Alitoa soda mbili mkobani, mkoba ambao ulionekana hauna mwisho, akampa shemeji moja. Wakazungumza. Kutoka kwenye matete Mwenyekiti alimwona shemeji yake akicheka, kisha akamwona ameacha kucheka na kuinamisha kichwa, kisha Mama Kreti akimpigapiga begani.

"Mlikuwa mnacheka nini?" aliuliza alipotoka, tope likiwa magotini.

"Namuuliza habari za nyumbani," alisema Mama Kreti. "Anasema dada yake ni fundi hodari."

"Hodari sana," alisema Mwenyekiti, na kwa dakika moja hakuona raha.

Fungu la nne lilimrudishia raha. La tano lilipatikana penye daraja la mbao, la sita penye bata waliokataa kupisha, la saba baada ya Mwenyekiti kuugonga mti uleule mara mbili. Mfuko wa suruali ulikuwa umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na kila alipozungusha fimbo ulimvuta upande mmoja. Mafungu mawili tu yangetosha kuikomboa cherehani. Alikuwa nayo saba. Moyoni alishamnunulia mkewe ile ya umeme, na kitambaa cha gauni juu yake.

Shimo la nane lilikuwa fupi. Unasimama kwenye kitako cha nyasi, mbele yako maji, ng'ambo ya maji matete, na nyuma ya matete kibendera ambacho huoni ila ncha yake. Karibu nacho ndipo iliposimama nguzo yenye kengele, na hatua kidogo zaidi ndiyo veranda ya klabu, ambayo saa hiyo ilishajaa watu wa mashindano.

"Weka karibu," Mwenyekiti alimnong'oneza shemeji. "Karibu tu. Usizidishe."

Shemeji akatangulia. Mwenyekiti akapiga. Kitu kikatumbukia majini kwa sauti iliyosikika vizuri.

"Chura," alisema Mwenyekiti.

"Chura mzito," alisema Mama Kreti.

Ng'ambo, shemeji alikuwa amechomoa kibendera na kuchungulia shimoni. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akasimama na kuita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia sebuleni: "Umo."

Mwenyekiti alizunguka maji yale nusu akitembea, nusu akikimbia, mfuko ukimgonga paja. Alichungulia. Mpira ulikuwa umekaa chini ya shimo, mweupe, alama yake juu.

"Nilikwambia karibu," alinong'ona.

"Na ndani si ndiyo karibu kabisa, shemeji?"

Mwenyekiti alitaka kujibu, lakini kengele ilikuwa inalia. Mama Kreti, ambaye asubuhi yote alitembea kama mtu asiye na haraka na dunia, alikuwa ameshafika kwenye nguzo, ameishika kamba kwa mikono miwili.

Hapa inafaa tusimame kidogo tumfikirie Mwenyekiti, maana hakuna mwingine aliyemfikiria. Njia ya kujiokoa ilikuwepo: aseme mpira huo haukuingia wenyewe. Lakini akisema hivyo atajitaja kuwa mwizi mbele ya veranda nzima. Akinyamaza, ni shujaa. Akanyamaza. Wanaume sita walimbeba juujuu hadi baa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kubebwa na watu wasiompeleka kituo cha polisi.

Wakanywa. Walikunywa wachezaji na wake zao, wapishi, wakata nyasi, na dereva wa trekta. Mlinzi alileta mbwa, naye akapewa maziwa, yakaandikwa kwenye bili. Kila glasi iliinuliwa kwa afya ya Mwenyekiti, ambaye alikuwa akitabasamu huku mkono mmoja ukiwa umefunika mfuko.

Kabla ya kiu ya watu kuisha, vinywaji vya baa viliisha. Meneja alifungua friji la mwisho, akalifunga taratibu.

"Lori langu liko getini," alisema Mama Kreti. "Limejaa, na vinywaji ni vya baridi."

"Klabu hununua kwa wanachama tu," alisema meneja, kwa mazoea.

Veranda ikanyamaza. Ni kimya kibaya, kimya cha watu wengi wenye glasi tupu. Kisha mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, yule wa kweli, akauliza kama kuna mjumbe anayepinga mama huyu kuwa mwanachama. Wajumbe wote walikuwepo. Hakuna aliyepinga. Lori likafunguliwa geti.

Kwa hiyo Mama Kreti alipata uanachama, na baa, katika siku ileile aliyoahidiwa. Mwenyekiti hakuwahi kutimiza ahadi kwa ukamilifu namna hiyo maishani mwake.

Bili ililetwa kwenye sahani. Mwenyekiti alitoa mafungu saba, moja baada ya jingine, kila moja na uzi wake mwekundu. Meneja aliyapokea, akageuka, akamlipa Mama Kreti bei ya mzigo, naye akayarudisha mkobani yakiwa hayajafunguliwa hata moja. Bado deni lilibaki kidogo. Meneja alitazama viatu vyenye meno chini, na Mwenyekiti akavivua.

"Umejuaje?" alimuuliza Mama Kreti mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Baba, nimeuza vinywaji miaka mingi. Kila siku nakutana na mtu anayeniambia alishalipa." Alimtazama miguuni, akapunguza ukali. "Ungekuwa umeweka rehani kitu chako mwenyewe, ningekuacha na fungu la kwanza ukale. Nenda nyumbani."

Alikwenda kwa miguu, na soksi. Shemeji hakumwona popote. Njiani alijaribu kutunga maneno ya kumwambia mkewe, yeye aliyewahi kumuuzia daktari dawa ya kikohozi, na hakupata hata neno moja. Alipofika kwenye kona ya nyumba yao alisimama. Alikuwa akiogopa, na hakuwa na wa kumdanganya kwamba haogopi.

Ndipo alipoisikia cherehani.

Alisukuma mlango. Ilikuwa mezani pake, inakwenda mbio. Shemeji alikuwa sebuleni akikunja sare zilizomalizika. Kwenye kiti palikuwa na nyuzi mbili nyekundu, za fungu la nane na la tisa.

Mkewe hakuinua kichwa hadi alipofika mwisho wa mshono. Pembeni yake palikuwa na kitambaa kigumu cha buluu, kimekatwa tayari kwa ovaroli.

"Mama Kreti amepita hapa na lori lake, ameniagiza nguo za wapakuaji wake," alisema. "Sita. Moja ni ya kwako. Unaanza Jumatatu, kushusha kreti kule klabu. Simama hapo nikupime."

Mwenyekiti alisimama. Aliinua mikono, naye akampitishia futi kifuani.

"Ametaka kila moja iandikwe jina mbele. Nikamwambia wewe watu wanakuita Mwenyekiti." Alishika pini kwa meno, kisha akaitoa. "Akaniuliza, mwenyekiti wa nini?"

Shemeji aliacha kukunja.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nimemwambia hata mimi sijui. Shusha mikono, nimeshamaliza."