Nimemwitikia Padri wa Kwenye Video

Leo nimeaibika mbele ya waumini wa kigango kizima. Nawaambia mwenyewe kabla Mama Fides, katibu wa jumuiya yetu hapa Mlabani, hajawaambia. Yeye huongeza chumvi.

Msimamo wangu mnaujua. Tulikuwa tunatoka shamba, Filbert mwenye mtumbwi akaujaza watu kumi na wanane (na magunia ya mpunga juu!), ukazama. Mimi nikatoka. Mke wangu hakutoka. Msibani katekista Pastory akaniambia ni mapenzi ya Mungu. Nikamjibu, basi mimi na huyo Mungu wako tumemalizana. Watu walisikia. Hii masika ya tatu, sijasali.

Mchana Pastory kaja mlangoni anachekacheka.

"Kaka Deo, tunaonyesha filamu ukumbini. Ya padri aliyekata tamaa. Njoo uangalie tu."

"Kuna sala?"

"Hata ishara ya msalaba hakuna."

(Muongo. Walianza na ishara ya msalaba. Mikono nikaitia mfukoni.)

Filamu ya Kizungu, imetafsiriwa na wale vijana wa kuingiza sauti. Mtu mmoja anasema yote: padri yeye, mjane yeye, mbwa yeye. Nikakaa nyuma, karibu na mlango.

Sasa yule padri! Mafuriko yamemmalizia watu wake. Anapiga magoti, maneno hayatoki. Anamuuliza Mungu, "Ulikuwa wapi?" Nikasema moyoni, huyu tunaelewana.

Mama Fides akageuka. "Shemeji, unalia?"

"Vumbi."

(Ukumbi una vigae.)

Ikafika Jumapili ya kwenye filamu. Padri kavaa, kapanda altareni. Mabenchi matupu. Akayatazama mpaka nikadhani mashine imekwama. Halafu akainua mikono.

"Bwana awe nanyi."

Hakuna wa kuitikia. Anasubiri. Anaangalia mlangoni, bado anasubiri. Jamani, mtu mzima yule!

Nikajikuta nimesimama.

"AWE PIA ROHONI MWAKO!"

Kwa besi ileile ya enzi zangu za kwaya. Ukumbi mzima ukanigeukia. Pastory akasimamisha filamu. Mama Fides akapiga kigelegele (mama yule anacho tayari muda wote). Mmoja wa vijana wa mbele akapaza sauti, "Baba, huyo hakusikii, yuko kwenye video!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Pastory akanishika mkono, machozi yanamtoka, sijui ya furaha au ya kucheka.

"Karibu nyumbani, kaka."

Kabla sijafika nje, Mama Fides alishaniandika zamu ya kufagia kanisa Jumamosi.

Naomba tuelewane, na anayecheka acheke kwake. Sijarudi. Filbert sijamsamehe, Pastory naye bado namwangalia. Ila mtu kawasalimia watu, ukumbi mzima ukamnyamazia. Mimi nimeitikia salamu tu.