Kamba Iliyozunguka Majani Makavu Ufukweni Skulpkop

Skulpkop,
Jumanne, 23 Aprili. Asubuhi ukungu mzito, upepo hakuna, bahari imetulia.

Kwa Bwana Msimamizi wa Fukwe,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba samaki wa achari wa Pasaka hawakukusumbua tumbo. Mimi ni Sarlina Appollis, mjane, katibu wa Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu kwa miaka kumi na tisa. Naandika kuhusu pambo la maua ambalo Bi Chanelle Oosthuysen, msanii kutoka Johannesburg, amelijenga ufukweni kwetu kwa kibali chako. Naomba liondolewe kabla ya Jumamosi. Sababu zangu ni hizi.

1. Pambo linaitwa "Majira ya Majani Kupukutika". Bwana, Skulpkop hatuna mti unaopukutisha majani. Tuna vichaka, na vichaka vyetu vina akili ya kubaki na majani yake. Kwa hiyo majani yameletwa kwa lori, magunia arobaini, kutoka mashamba ya mizabibu huko bara. Jirani yangu Katriena alipoona yanamwagwa mchangani alipaza sauti: "We mtoto, wenzako wanafagia, wewe unamwaga?" Msanii akamshukuru. Alidhani anasifiwa.

2. Maua yamefungwa kwa waya, yakasimamishwa kwenye nguzo na kuzungushiwa kamba ili yadumu wiki mbili. Hapa ndipo penye shida yenyewe. Pale pale, kila Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, sisi wajane saba wa mashua Magdalena, iliyopotea baharini, hupanga maua yetu mchangani kwa umbo la mashua, maji yakiwa yamekupwa. Tunatumia maua ya Machi, yale ya rangi ya waridi yanayochomoza bila jani hata moja nyuma ya makaburi. Hatufungi kitu. Maji yakijaa huyachukua, nasi tunakwenda nyumbani kunywa chai. Wanaume saba, Bwana, na hakuna aliyerudishwa tukamzika. Mume wangu Gawie ndiye aliyeshika usukani. Sina kaburi la kupalilia. Nina hatua kumi na mbili za mchanga, na sasa ziko ndani ya kamba.

3. Kuna ubao. Ubao unatufundisha kwamba uzuri haudumu. Tunashukuru sana kwa taarifa hiyo.

4. Jana nilimwendea msanii kwa adabu. Akaniwahi: "Anti, usikanyage hapo tafadhali, ni kazi ya sanaa." Nikamwambia, "Mwanangu, hapo nimekanyaga kabla hujaota meno." Akajibu, bila hata kupepesa macho, "Lakini anti, wenyeji wenyewe ndio walionikaribisha. Nina barua yao, ina muhuri." Katriena alicheka hadi akakaa chini. "Muhuri! Skulpkop nzima mwenye muhuri ni Sarlina peke yake!" Nami kweli ndiye mwenye muhuri, kwa hiyo uongo huo ulijianika wenyewe. Sikuona haja ya kuitazama barua.

5. Yupo basi mtu aliyeghushi, au kiumbe fulani anayetia sahihi kila karatasi inayopita mbele ya pua yake. Naomba atafutwe. Avuliwe cheo chochote alicho nacho. Jina lake lisomwe kanisani mara tu baada ya matangazo ya ndoa, wakati watu bado wako macho. Kisha ayabebe magunia yote arobaini mgongoni, ayarudishe kwenye mizabibu. Mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa hata ufagio wa kanisa.

Nisalimie mkeo, na karani wako mwenye kikohozi, na yeyote hapo ofisini anayefahamu kwamba bahari hujaa mara mbili kwa siku.

Wako, kwa heshima ambayo imepungua lakini haijaisha,
Sarlina Appollis (Bi)

Nyongeza. Kabla ya kufunga bahasha nimefungua shajara yangu ili nikupe tarehe kamili za jambo hili. Ukurasa wa tarehe 6 Februari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, unasema: "Joto, upepo mkali. Imekuja karatasi ya halmashauri: je, wenyeji wanakubali pambo la maua la muda ufukweni baada ya Pasaka? Hatimaye wameyaandika maua yetu. Wamewakumbuka akina Gawie. Nimelia kidogo. Nimepiga muhuri mara mbili, usije ukafifia."

Jioni hii nimekwenda kumsomea Bi Oosthuysen ukurasa huo. Hakucheka. Alinionyesha barua, mihuri yote miwili inasomeka vizuri. Kisha akaifungua kamba mwenyewe upande wa baharini, akang'oa nguzo na kusogeza majani yake kwa mikono, hatua kumi na mbili, akaniuliza Jumamosi maji yanakupwa saa ngapi. Nimemwambia saa moja asubuhi, aje na kikapu, waya auache.

Pambo lake libaki, Bwana. Jina la kusomwa kanisani nimeshampelekea mchungaji. Magunia nitaanza kuyabeba wiki mbili zikiisha, mgongo ukiruhusu.

Nalala sasa, saa tatu na nusu usiku.