Jina Langu na Suruali Yangu, Matema

Jumanne, 5 Agosti

Habari njema! Lugano, mwanangu, amepiga simu kutoka Mbeya. Anakuja Ijumaa na mkewe Atupele na mjukuu wangu. Mjukuu wa kwanza, tena wa kiume! Atabatizwa Jumapili hapa hapa Ngana. Nikauliza jina. Akasema bado wanatafakari.

Wanatafakari nini? Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Babu ni mimi. Jina ni Anyosisye. Kazi imekwisha.

Najua anayewachelewesha ni nani. Erasto, baba yake Atupele. Mfanyabiashara wa Kasumulu, ana ndugu Karonga, huko Malawi, ana gari aina ya Noah. Pasaka aliwavusha mpaka, akawatembeza Karonga, wakala samaki wa chambo, wakapiga picha. Nimetumiwa zote. Kwenye moja Erasto anacheka na binti yake meno yote nje. Babu gani huyo?

Nikampigia Lugano tena. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, Jumamosi nawapeleka wote Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kutwa nzima, na kiongozi wa msafara ni mimi. La pili, Atupele aushike ukutila, ile heshima ya zamani ya mke wa mwana kwa baba mkwe. Asinitazame. Tusikutane njiani. Jina langu asilitamke kamwe. Babu anayeheshimiwa namna hiyo, nani atamnyima jina?

Lugano akauliza, hata jina? Nikasema hasa jina. Akasema sawa, baba.

Mke wangu Kisa alisikia yote. Akasema alipokuwa bibi harusi aliwahi kumkwepa baba yangu mpaka akakanyaga siafu migombani, akaumwa bila kupiga kelele. Nikamwambia hiyo ndiyo heshima yenyewe. Akaniuliza kama nimewahi hata kufika Matema.

Nimefika! Mara moja, kwenye msiba. Nilikaa chini ya turubai kutwa nzima. Ziwa nililiona katikati ya vichwa vya watu wawili.

Alhamisi, 7 Agosti

Ratiba ya Matema imekamilika. Soko la vyungu Lyulilo. Mtumbwi. Samaki mbasa wa kuchoma na ndizi. Kuogelea. Yote nimeyapata kwa Angetile, jirani yetu, ambaye dada yake ameolewa huko. Nilijifanya namjaribu kama anajua.

Tatizo ni hapo kwenye kuogelea. Lugano akiwa mdogo nilimwambia kwamba ujanani niliogelea kutoka Matema hadi kijiji cha Ikombe. Alikuwa anaumwa malaria, nilitaka acheke. Hakusahau. Akamwambia Atupele, Atupele akamwambia baba yake. Leo Erasto kanipigia. Kasema ana hamu sana ya kuniona majini. Kasema kwa sauti yenye kicheko ndani yake, nimeisikia.

Mchana nikalala kifudifudi juu ya kigoda, kando ya mkeka wa kakao, nikapiga mikono na miguu. Kakao ikatawanyika uani. Angetile akapita, akauliza kama nimeshikwa na kifafa, amwite Mama Lugano. Nikasema nafukuza kuku. Hatuna kuku upande ule.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamefika! Atupele ni binti wa kuigwa. Aliposhuka tu, akajifunika kanga usoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikiingia sebuleni, anatokea mlango wa jikoni. Nikienda uani, anaingia ndani. Jina langu hajalitamka hata nusu. Majirani wameona. Nilitembea kifua mbele.

Jambo moja sikulifikiria. Mtoto ananyonya, kwa hiyo yuko na mama yake. Mama akinikimbia, mtoto naye anakimbizwa. Nimezunguka nyumba yangu mwenyewe kutwa nzima na sijauona uso wa mjukuu wangu. Nimeona kisigino. Kisigino kizuri.

Jioni Erasto akaja, akapewa mtoto, akamrusha juu kidogo. Mtoto akacheka. Nilikuwa nasikiliza kutoka kwenye migomba.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Gari ni la Erasto, hakuna lingine. Na ndani ya Noah mimi na Atupele hatuwezi kukaa pamoja, kwa amri yangu mwenyewe. Erasto akasema bila hata kucheka kwamba basi mmoja apande bodaboda. Wote wakanitazama, isipokuwa Atupele. Hivyo kiongozi wa msafara akaja nyuma. Tulipofika Ipinda mnyororo wa pikipiki ukakatika.

Nilipofika Matema walikuwa wameshamaliza Lyulilo. Erasto ndiye aliyewaongoza! Kisa alikuwa amekumbatia chungu kipya cha wafinyanzi Wakisi, kizuri, chenye michoro myeupe, akanieleza jinsi akina mama wanavyoleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mimi ndiye niliyepaswa kumweleza. Mtumbwi nao walikuwa wameshapanda.

Imebaki kuogelea, akasema Erasto. Akanikumbusha Ikombe. Akanionyesha ilipo. Mbali! Milima imesimama pale imekanyaga maji, hata njia haionekani.

Hapo nikapata wazo. Nikasema mwogeleaji mzoefu haanzii mbele ya watu. Nikaenda nyuma ya mawe makubwa. Mpango ulikuwa rahisi: niloe hadi kichwani, nikae kidogo, nirudi nikihema, niseme nimefika Ikombe na kurudi. Nikavua suruali na shati, nikaviweka juu ya jiwe. Nikabaki na chupi ambayo Kisa alishaniambia niitupe. Nikaingia hadi kifuani, nimeng'ang'ania jiwe.

Upepo wa mwera ukavuma. Likaja wimbi moja, likapanda jiweni, likateremka na nguo zangu. Suruali ilinipita karibu kabisa ikielekea Malawi. Sikuweza kuachia jiwe. Sijui kuogelea!

Nikaita. Upepo ukala sauti. Nikaita tena.

Akatokea mtu nyuma ya mawe, ana nepi za kufua. Atupele. Ee Mungu, kati ya watu wote!

Akaniona. Najua aliniona, maana aliitupa kanga kichwani haraka kama mtu anayefunika chungu kinachochemka, akageuka, akaondoka. Kwa heshima zote. Nikamwita arudi. Akaongeza mwendo, kama nilivyoagiza.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Kisa. Atupele alirudi, akasema kuna mtu majini kwenye mawe. Lugano akauliza ni nani. Hawezi kusema. Yukoje? Hakumtazama. Ni mvuvi? Akainamisha kichwa. Wakaona basi ni mvuvi, maana mimi walijua niko njia ya Ikombe. Wakaanza kula mbasa.

Mimi niko majini. Baridi! Vidole vimekunjamana. Harufu ya mbasa nilikuwa naipata, upepo ulipotulia kidogo. Mtumbwi wa akina mama wa vyungu ukapita mbali. Wakanipungia mkono. Nikapunga. Nilishindwa kuwaambia, nikaacha waende. Huo ndio ukweli wangu, naona aibu kuuandika: niliona afadhali maji kuliko kuchekwa.

Ni Erasto aliyekumbuka. Alishika kipande cha samaki, akauliza babu yuko wapi mpaka sasa. Atupele machozi yakamtoka. Hapo ndipo Erasto akaelewa. Akaja mbio, akaingia majini na viatu vyake, suruali ya kusafiria na kila kitu, akanishika mkono. Hakucheka. Ningependa angecheka. Alisema tu, mkwe, shika hapa, taratibu.

Nikavishwa kanga. Kanga ya nani? Ya Atupele, ndiyo pekee iliyokuwepo, aliituma kupitia kwa Kisa huku amegeukia milima. Mimi, ndani ya nguo ya mke wa mwanangu! Baba yangu angeugua. Nikarudi Ngana juu ya bodaboda, nimejifunga kanga yenye maandishi ambayo sitayaandika hapa. Ipinda ilikuwa siku ya soko.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kabla ya ibada nikamvuta Lugano pembeni. Nikamuuliza jina, nikiwa nimetazama chini.

Akaniambia kwa upole. Akasema walikuwa wameshalichagua langu, tangu mtoto alipozaliwa. Walitaka kunishtua kanisani. Lakini nilisema Atupele asilitamke jina langu kamwe. Atamwitaje mwanawe? Atamwitaje aje kula, atasema nini kliniki?

Nikasema haraka kwamba nimeifuta amri. Kwamba ukutila si lazima siku hizi, hata wachungaji hawaupendi. Atupele, nyuma ya mlango, akamtuma Kisa aniambie kwamba hawezi kunivunjia heshima. Hasa baada ya jana. Kisha nikasikia wanawake wawili wakicheka jikoni, mmoja wao ni mke wangu.

Mtoto amebatizwa Erasto.

Nililia. Watu wakadhani ni furaha, wakanipa mikono. Baada ya ibada Atupele akaja, uso ameugeuzia ukutani, akanyoosha mikono, akaniwekea mtoto kifuani. Nikauona uso wa mjukuu wangu kwa mara ya kwanza. Ana masikio yangu! Nikasema ndaga fijo, asante sana kwa lugha yetu. Nimeona aibu kuliko nilipokuwa majini.

Jumatatu, 11 Agosti

Wameondoka. Nyumba kimya.

Angetile kaja kuuliza safari ilikuwaje, na kama ni kweli nilirudi na kanga. Nikamwambia niliogelea hadi Ikombe, suruali nikaisahau huko. Akafurahi sana. Dada yake anakwenda Ikombe Jumamosi, atanichukulia.

Hilo nitalitafutia dawa. Kubwa ni hili: nimelala nikafikiri, na jibu ni rahisi, sijui kwa nini sikuliona mapema. Tatizo halikuwa amri. Tatizo ni kwamba jina lina mwenyewe. Basi naliacha. Kuanzia leo mimi ni Jubilate. Anyosisye limebaki wazi, si la mtu yeyote, na Atupele atalitamka bila kosa lolote. Mjukuu wa pili atalikuta linamsubiri. Lugano nitamjulisha kesho. Kisa nimemjulisha asubuhi. Akaendelea kuchambua maharage.

Sasa yuko jikoni. Chungu kipya kimeiva, wali na maharage, harufu imejaa nyumba nzima. Anamwita Anyosisye aje kula. Ameita tena. Sijaitika. Nasikia anawakaribisha akina Angetile wale sehemu yangu.