Ombi la Kupakwa Wino

Mtaa wa Wachonga Marumaru,
Mandalay.

Kwa Ndugu Mkaguzi Mkuu wa Maandishi, Yangon.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kalamu yako haijakauka. Mimi ni U Hla Shein, mwalimu mstaafu wa hesabu na mwandishi wa hadithi fupi katika jarida la kila mwezi liitwalo Umande. Sijawahi kuilalamikia serikali ya wanajeshi wetu. Hata umeme ukikatika, mimi huwasha mshumaa na kuwashukuru kwa giza. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, na aliyeyafungulia ni wewe.

Mwezi uliopita ofisi yako ilipitisha hadithi yangu, "Mama Mkwe", bila kugusa hata nukta. Hamkupaka wino mweusi. Hamkupaka ule wa rangi ya fedha, mliouanzisha baada ya watu kugundua kwamba mweusi hutoka kwa petroli. Ukurasa haukuchanwa wala kugandishwa na mwenzake. Hadithi imetoka nyeupe pe. Naomba nieleze madhara niliyoyapata.

1. Heshima yangu imekwisha. Hapa kwetu mtu akinunua jarida hatazami majina ya waandishi, anatafuta wino. Penye wino ndipo anapopainua juani, anakodoa jicho, kisha anabishana na wenzake hadi jioni kuhusu kilichofunikwa. Pasipo na wino anafungia maandazi. Mke wa daktari wa meno aliandika namna ya kupika mohinga, supu yetu ya samaki, mkamfutia mstari mmoja tu, ule unaosema samaki huanza kuoza kichwani. Leo akipita watu wanasimama. Mimi nina miaka mingi katika kazi hii, nami napitwa na supu.

2. Kwenye mkahawa wa chai nimekuwa kama mwenye upele. Zamani mwenye mkahawa, Ko Pauk, aliniletea kikombe kabla sijakaa. Siku hizi ananiuliza kwa upole, "Mwalimu, siku hizi tunakula na wakubwa, sivyo?" Nikivuta kigoda, mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Wazee ambao hawajawahi kuuona mpira kwa macho yao wanajadili walinda mlango. Na yule mpelelezi wenu, ambaye sote tunamjua kwa sababu ndiye pekee anayesoma gazeti la serikali hadi mwisho, amesogeza kigoda chake karibu na changu na ananiita mwenzangu. Mheshimiwa, kuna matusi mtu huweza kuyasamehe. Hilo siwezi.

3. Nyumbani hakukaliki. Mke wangu, Daw Ohn Yi, alikuwa akificha karatasi zangu ndani ya mtungi wa mchele, na akizificha alikuwa akitembea kwa maringo kama mke wa mtu wa hatari. Sasa anaziacha mezani dirisha likiwa wazi. Nilipomkumbusha kuna macho nje, alisema nani atazitaka. Mama yake, ambaye anaishi nasi, ndiye mtu pekee katika Mandalay nzima aliyeudhiwa na hadithi ile. Anaamini nimemwandika yeye. Nimeapa mbele ya madhabahu ya Buddha kwamba si yeye, lakini siwezi kumwambia ni nani, maana anasikia vibaya na ingenibidi kupaza sauti.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yetu, Thuzar, alikuwa aolewe mfungo wa majira ya mvua ukiisha, maana ndani yake Wabuddha hatuozi. Mama wa kijana, Daw Kyin Mya, ni mke wa U Maung Lay, aliyefungwa kwa kunakili hadithi fupi ya mtu mwingine. Kifungo chake ni kirefu kuliko hadithi yenyewe. Mama huyo alikuja kwetu na jarida mkononi, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, mume wangu yumo ndani kwa maneno ambayo hata si yake. Wewe umeandika yako, na doa huna. Mwanangu ataingiaje katika nyumba hii?" Thuzar hakulia. Alikunja kitambaa cha harusi, akakirudisha sandukuni, na tangu siku hiyo ananipakulia wali bila kunitazama. Hilo limeniuma kuliko yote, Mheshimiwa, wala sioni aibu kulisema.

Sipendi kuwafundisha kazi, lakini mwalimu ni mwalimu. Msomaji wenu alikuwa amelala? Katika hadithi yangu, mama mkwe anakuja kulala usiku mmoja tu, azime moto ulioshika jikoni. Amekuja amevaa viatu vizito. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alichukua jembe mwenyewe, na panga, na funguo zote. Anawakataza watoto kucheka wakiwa zaidi ya wanne. Kisha anawaambia watu wa nyumba wachague mpishi. Wanachagua, wala si yeye. Anasema anahesabu kura, na hadithi inapokwisha bado anahesabu. Mheshimiwa, kuna mama mkwe gani duniani anayevaa viatu vya namna hiyo?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, yakusanyeni majarida yote mkayapake wino, japo aya moja. Napendekeza ile ya kura. Kama wino umepungua, nitachangia wangu. Kama mtaona kazi ni nyingi, pigeni jarida zima marufuku, mhariri wangu atafurahi, maana hajawahi kuuza toleo likaisha. Na kama hilo nalo ni zito, basi nikamateni. Njooni mchana, mkahawa ukiwa umejaa, gari lipige honi kwanza. Msinishikilie muda mrefu, kwani lazima niwe nimetoka kabla ya harusi. Mnifunge siku za kutosha kumridhisha mama wa bwana harusi, zisizidi.

Mwisho, wasalimie makarani wako wote, pamoja na yule anayechanganya wino. Mke wangu anakusalimu kwa ubaridi. Mpelelezi wa mtaa wetu hajambo, ila anakohoa.

Wako katika kungoja doa,
U Hla Shein

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Daw Kyin Mya alipoingia na kikapu chake, anatoka gerezani kumwona mumewe. Kumbe safari iliyopita alimpelekea samaki wakavu, akawafunga kwa kurasa za hadithi yangu, maana aliona hazifai kwa lingine. Walinzi wa lango hawapitishi karatasi yenye wino wenu. Wanajua penye wino pana neno. Yangu waliitazama, wakaiona safi, wakaipitisha. Leo U Maung Lay alimwambia kwa sauti ya chini kwamba chumba kizima wanaijua kwa moyo, na wanaisimulia kwa zamu. Alisema, "Mwambie Mwalimu, mama mkwe wake tunalala naye humu ndani, na anakoroma." Daw Kyin Mya alicheka hadi akalia, mke wangu naye akalia, na Thuzar amekwenda kukitoa kitambaa sandukuni.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote nayaondoa, na barua hii hutaipata. Hadithi mpya nimekwisha kuianza. Haina maana yoyote, Mheshimiwa, na itakuwa ndefu kiasi cha kufunga samaki wawili.